Toleo Lisilo na Jipya

Tarehe 3 Desemba 2024 mradi wa GStreamer ulitoa toleo lake la 1.24.10. Hapakuwa na kitufe kipya, wala rangi mpya, wala aina mpya ya faili. Aliyelipakua na kufungua video yake aliiona vilevile alivyoiona jana. Mabadiliko yote yalikuwa ndani, mahali ambapo mtumiaji hafiki. Mwezi huohuo Antonio Morales, mtafiti wa maabara ya usalama ya GitHub, alieleza hadharani makosa 29 ya usalama aliyoyakuta kwenye programu hiyo, mengi yakiwa katika sehemu zinazosoma faili za MP4 na MKV. Toleo lile lisilo na jipya ndilo lililoyaziba.

Naandika habari zake kutoka Moshi kwa sababu huu ni mji wa sauti na picha. Kwaya za sharika kuanzia Machame hadi Mwika zinarekodi kila mwaka. Waongoza watalii wanashuka mlimani na memori kadi zilizojaa. Harusi, kipaimara, hata msiba, vyote vina mpiga video wake. Na si mambo ya jana: katika miaka ya 1960 studio ya Sauti ya Injili hapahapa Moshi ilikuwa ikiandaa vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya Radio Voice of the Gospel ya Addis Ababa, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1963 na kutaifishwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Wakati huo kazi ya studio ilikaa kwenye tepu, na tepu ukiitunza vizuri itakusubiri. Leo sauti hiyohiyo ni faili, na faili haisikiki bila programu ya kuisoma. Programu hiyo ikiwa na tundu, anayeifungua faili yuko hatarini pamoja na kompyuta yake.

GStreamer ilianza mwaka 1999, mwanzilishi wake akiwa Erik Walthinsen. Wengi wanaoitumia hawajawahi kulisikia jina lake, kwa kuwa haina dirisha la kufungua. Ni mlolongo wa vipande: kimoja kinachukua faili, cha pili kinatenganisha picha na sauti, cha tatu kinafumbua kila upande, cha mwisho kinapeleka kwenye kioo na spika. Kila kipande ni programu-jalizi inayojitegemea, na vipo mamia. Kompyuta ya Ubuntu yenye kichezeshi cha video cha GNOME inaitumia. Rhythmbox inaitumia. Mfumo wa webOS ulio kwenye runinga za LG na ule wa Tizen ulio kwenye za Samsung inayo ndani yake. Kwa hiyo baa ya Majengo yenye runinga kubwa ya kuonyeshea mpira huenda inaitumia kila Jumamosi, na mwenye baa hana habari.

Tuingie ndani ya faili yenyewe, maana hapo ndipo kiini cha hadithi kilipo. MP4 ni masanduku ndani ya masanduku. Kila sanduku linaanza kwa kutaja ukubwa wake, kisha jina la herufi nne. Lipo moov, lenye orodha ya yote yaliyomo. Lipo mdat, lenye picha na sauti zenyewe. Ndani ya moov kuna masanduku madogo yanayosema video ina vipande vingapi, kila kipande kina ukubwa gani na kinaanzia wapi. Msomaji wa faili huyaamini maelezo hayo, kwa sababu hana mahali pengine pa kuyapata.

Sasa chukua programu ambayo tayari imehesabu vipande 100. Inakutana na sanduku linalosema: ongeza vipande 4,294,967,290. Jumla ya kweli ni 4,294,967,390. Lakini nafasi ya kuhifadhia jumla hiyo ni ya biti 32, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 4,294,967,295. Ikipita hapo inarudi sifuri na kuanza upya. Jumla inayobaki ni 94. Programu inatenga kumbukumbu ya vipande 94, kisha inaendelea kuandika taarifa za kile cha 101 na kuendelea, nje kabisa ya eneo lake, juu ya kumbukumbu za shughuli nyingine. Aliyeitengeneza faili kwa nia mbaya anajua hasa nini kitaandikwa na wapi. Hapo video imeacha kuwa video, imekuwa amri.

Namba nimezichagua mimi ili hesabu ionekane, lakini moja ya yale makosa 29 lilikuwa la aina hii hasa, kwenye kipande kinachotenganisha faili za MP4: idadi iliyosomwa kutoka kwenye faili ilijumlishwa na iliyokuwepo bila kuuliza kwanza kama jumla itaenea. Dawa yake ni mistari michache: pima kabla ya kujumlisha, na ikizidi, ikatae faili. Ili kuyafikia makosa kama hayo Morales hakukaa akasoma msimbo pekee. Alitunga programu ya kuzalisha faili za MP4 zilizopotoka kwa makusudi, zaidi ya milioni nne, akailisha nazo GStreamer na kutazama inaangukia wapi. Kazi ya namna hiyo haina shangwe, na mimi naiheshimu kuliko uzinduzi wowote wa programu mpya niliowahi kualikwa.

Programu-jalizi za GStreamer zimegawanywa katika makundi, na matatu kati yake yamepewa majina ya filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1966: good, bad na ugly. Good ni zile zenye msimbo bora na leseni isiyo na utata. Ugly nazo zina msimbo bora, ila kuzisambaza kunaweza kuleta matatizo ya hataza au leseni. Bad ni zile ambazo bado hazijafikia kiwango: hazijapitiwa vya kutosha, au hazina majaribio, au hazina mtu wa kuzilea. Kile kipande cha MP4 nilichokieleza kinakaa kundi la good. Usilitafsiri jina hilo kuwa salama. Maana yake ni kwamba lina wenyewe, na wenyewe wakiambiwa kuna kosa, wanakuja.

Mgawanyo huu uliwahi kutugusa huku bila sisi kujua. Kuanzia mwaka 2004 Ubuntu ilikuwa ikituma CD zake bure kwa posta hadi kwenye S.L.P. yako, huduma iliyodumu hadi 2011. Watu wa Tanzania waliziagiza, wakazisakinisha, wakafurahi. Halafu wakabofya wimbo wa MP3, na kompyuta ikakataa. Kipande cha kufumbua MP3 kilikuwa kundi la ugly kwa sababu ya hataza, hivyo hakikuwekwa kwenye CD. Ulitakiwa ukipakue mwenyewe kutoka intaneti. Mtu wa intaneti kafe, anayelipa kwa nusu saa, angekipakuaje mpaka kwenye kompyuta iliyoko nyumbani Uru? Wengi waliiweka CD pembeni wakarudi kwenye Windows ya kunakili, wakiamini kwamba programu huria ni kitu kibovu. Mwaka 2017 taasisi ya Fraunhofer ilifunga mpango wake wa leseni za MP3, na Machi 2018, katika toleo la 1.14, vipande vya MP3 vikahamishwa kutoka ugly kwenda good. Msimbo haukuwa umegeuka kuwa mzuri usiku ule. Kilichoondoka ni kizuizi cha kisheria. Kwetu kilikuwa kimeshakula zaidi ya miaka kumi.

Novemba 2016 ndiyo iliyonifanya niache kuzichukulia faili za video kama vitu visivyo na madhara. Mtafiti Chris Evans alionyesha faili ya FLIC, aina ya katuni za kompyuta za miaka ya tisini ambayo karibu hakuna anayeitumia tena, inayoweza kuteka kompyuta ya Linux iliyosasishwa kikamilifu. Kosa lilikuwa kwenye kundi la good. Kiraka cha kwanza hakikutosha, ikabidi kipande kizima kiandikwe upya. Kilichotisha zaidi ni njia yenyewe. Kwenye mazingira ya GNOME kuna programu iliyokuwa ikiitwa Tracker, inayopita kwenye faili zako kimyakimya ili uweze kuzitafuta baadaye, na inapokuta video inaiita GStreamer iisome. Hukuhitaji kubofya kitu. Faili ikishatua kwenye folda inayopitiwa, imeshafunguliwa. Baada ya hapo watengenezaji wa Tracker waliifungia kazi hiyo ya kusoma ndani ya uzio, isiweze kugusa sehemu nyingine za kompyuta.

Sasa fikiria steshenari yoyote ya karibu na stendi kuu ya Moshi. Kuanzia asubuhi flashi zinaingia na kutoka: wasifu wa kuombea kazi, mtihani wa shule, picha za pasipoti, nyimbo, tamthilia. Kila mwenye flashi hapa anaijua ile hali ya folda kugeuka njia za mkato. Tumezoea kudhani ugonjwa huo ni wa Windows peke yake, na aliyehamia Linux hujiona amepona. Mara nyingi kweli amepumua. Lakini kompyuta ya Linux ambayo haijasasishwa tangu isakinishwe inapokea flashi zilezile, na ndani yake kuna vipande vyenye matundu ambayo dunia nzima imeshayasoma. Hilo ndilo watu hawalioni kuhusu kiraka: siku kinapotoka, kosa linakuwa wazi kwa wote. Aliyesasisha amekingwa, na asiyesasisha yuko katika hatari kubwa kuliko alivyokuwa wiki iliyopita, kwa sababu ramani ya kufika kwake imechapishwa.

Kwa nini basi hatusasishi? Kama fundi nimeingia ofisi na maabara nyingi za mkoa huu, na sababu nilizozikuta ni tatu, wala si za kijinga. Ya kwanza ni bando. Ya pili ni hofu: mtu aliwahi kusasisha, printa ikagoma wiki nzima, mkuu wa ofisi akasema asiguse tena. Ya tatu, ambayo naiona nzito kuliko zote, ni kwamba hiyo kazi si ya mtu. Kompyuta zililetwa na mradi, mradi ukaisha, mwalimu wa somo la kompyuta ana vipindi vyake, na katika bajeti kuna fungu la kununua lakini hakuna la kutunza.

Watu wa mlimani hawana haja ya kufundishwa habari ya kutunza. Mfongo, yaani mfereji wa maji, hauchimbwi ukaachwa. Maji yanatolewa kwenye kijito huko juu msituni, yanafuata ubavu wa mlima hadi kwenye migomba na kahawa, na kila msimu yanaleta tope, mizizi na majani. Kwa hiyo kuna siku ya kuusafisha, kila anayetumia maji anatoa mtu, na asiyefika anatozwa faini. Anayezibua mfongo hapewi sherehe kama aliyeuchimba, lakini bila yeye maji hayafiki Kibosho wala Marangu. Programu huria iko hivyohivyo: kuichukua ni bure, kuiweka wazi kunataka siku, jina la mtu, na adhabu kwa anayekwepa. Taasisi iliyoandika kwenye ratiba kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi, fulani wa maabara anasasisha mashine, na anayemfuata kazini anakagua, imefanya zaidi ya iliyonunua kompyuta kumi mpya.

Hofu ya printa nayo ina jibu, na jibu liko kwenye namba. Katika 1.24.10, ile 24 ya katikati ikiwa shufwa inaonyesha ni mfululizo imara. Witiri ni wa majaribio, kama 1.23. Namba ya mwisho, 10, ndiyo ya viraka. Ikipanda hiyo peke yake, lengo la watengenezaji ni kurekebisha makosa bila kuingiza mapya, na programu zinazoitegemea zinaendelea kama kawaida. Kuhama kutoka 1.22 kwenda 1.24 ni safari nyingine, na kubadilisha Ubuntu nzima ni safari kubwa zaidi. Printa nyingi hufa kwenye safari hiyo kubwa, kisha lawama inabebeshwa kiraka kidogo. Mkuu wa ofisi akielezwa tofauti hii kwa lugha ya kawaida, huelewa.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata mafundi wazuri. Debian 12 ilitoka na GStreamer 1.22.0. Fundi anasoma habari za 1.24.10, anaangalia mashine yake, anaona 1.22, anakata tamaa au anaanza kusakinisha vitu kwa nguvu kutoka sehemu zisizojulikana. Asifanye hivyo. Debian huchukua viraka vya usalama na kuvirudisha kwenye toleo lake la zamani. Namba ya mbele inabaki, mkia ndio unaobadilika. Ukiona mkia wenye deb12u na tarakimu yake, ujue kuna kiraka kilichoingia, na tarakimu hiyo ndiyo inayoonyesha ni kipi. Soma mkia.

Kwa Ubuntu angalia jambo la ziada. Vifurushi vya programu-jalizi za bad na ugly vinakaa kwenye hazina iitwayo universe, ambayo haina uhakika wa viraka vya usalama kwa mtumiaji wa kawaida. Uhakika huo unatolewa kupitia Ubuntu Pro, ambayo mtu binafsi anaipata bure kwa mashine zisizozidi tano, na taasisi inailipia. Ubuntu 20.04, ambayo bado naikuta kwenye kompyuta nyingi, ilimaliza muda wake wa kawaida wa msaada mwaka 2025. Mashine hiyo ikikwambia haijapungukiwa na kitu, haikudanganyi, ila imeacha kuletewa.

Kuhusu bando, kifurushi cha viraka vya programu-jalizi ni megabaiti chache. Kinachoumiza ni maabara ya kompyuta 40 zinapopakua kitu kilekile mara 40. Dawa yake ipo siku nyingi, inaitwa apt-cacher-ng: mashine moja inapakua na kuhifadhi, nyingine zote zinachukua kwake. Ni nduwa hasa, lile bwawa la mlimani linalojazwa usiku ili mchana kila mmoja apate zamu yake. Kompyuta kuukuu yenye diski ya kutosha inaitosha kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, chuo cha wanyamapori cha Mweka, hospitali ya KCMC na shule za sekondari zinazovizunguka zingeweza kuwa na hifadhi moja ya pamoja, na kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti cha Arusha kiko kilomita 80 tu kutoka hapa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya nchi kudhoofika, aliyekuwa na hifadhi ya karibu angeendelea kusasisha kwa vile vilivyokwisha kupakuliwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Runinga ni kesi ngumu, na sitajifanya nina jibu kamili. Huwezi kuingia ndani ya runinga ukaweka kiraka. Unategemea kampuni iliyoitengeneza iamue kukituma, na runinga iwe imeunganishwa na intaneti ili ikipokee. Nyingi za huku haziunganishwi kamwe. Zinachomekewa flashi ya filamu kutoka kibanda cha kuingizia nyimbo na filamu, nazo zinaisoma kwa programu ya mwaka zilipotoka kiwandani. Ushauri wangu ni huu: fundi anayeenda kufunga king'amuzi au kutundika runinga aiunganishe na simu yake mara moja, apitie menyu ya mipangilio, aisasishe, kisha aitenganishe. Aitoze kazi hiyo. Mteja akieleweshwa, hulipa.

Limebaki la kwetu kwa watengenezaji. Faili za huku zina tabia zake. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi ibada, MP4 inabaki na mdat imejaa na moov haipo kabisa, kwa kuwa kwa kawaida moov huandikwa mwishoni. Saa mbili za kwaya zipo kwenye diski na hakuna kichezeshi kinachozifungua. GStreamer ina namna ya kuandika MP4 ambayo inatenga nafasi ya moov mwanzoni na kuijaza kadiri kurekodi kunavyoendelea, na anayerekodi Kilimanjaro bila UPS anapaswa kuitumia, au arekodi kwa MKV ambayo hukatika bila kupoteza yote. Simu za bei nafuu nazo hutoa faili ambazo hazifuati kanuni vizuri, na vichezeshi vinazisoma kwa kubahatisha. Hivyo ndivyo vielelezo ambavyo watengenezaji walioko Ulaya na Marekani hawavioni, kwa kuwa kwao ni nadra umeme kukatika na simu hizo kuuzwa.

Ripoti za makosa ya GStreamer zinapokelewa kwenye GitLab ya freedesktop.org. Inatosha useme umetumia toleo gani pamoja na mkia wake, ulifanya nini, kikatokea nini, na uambatishe faili fupi iliyogoma, sekunde kumi tu, isiyo na sura ya mtu asiyeridhia. Kiingereza cha kawaida kinatosha, hawakisahihishi. Ukidhani kosa ni la usalama, kuna kisanduku cha kuifanya ripoti iwe ya siri hadi kiraka kitoke, kiweke tiki. Baada ya wiki au miezi, toleo lingine lisilo na jipya litatoka, na kwenye orodha yake ndefu ya marekebisho patakuwa na mstari mmoja unaohusu faili iliyorekodiwa Old Moshi umeme ukiwa unakatikakatika.